Kiuno Huumizwa na Muda, Si Uzito Peke Yake

Mtu anapofika zahanati ameshika kiuno, swali linalomkuta mlangoni ni hili: ulibeba nini? Kama hakubeba kitu, huulizwa kama alianguka. Likikosekana gunia na ikakosekana ajali, maumivu hupewa jina la uzee, la baridi au la figo, naye hurudi nyumbani na karatasi ya vidonge. Swali ambalo halimfikii ni la muda: leo, na siku zilizotangulia, umekuwa ukiinama dakika ngapi mfululizo? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba swali la pili lina uzito sawa na la kwanza, na kwa wengi wanaoishi kwa kazi za mikono linalipita. Ushahidi wake unatoka kwenye sehemu ya mwili isiyotajwa sana, kwa sababu mazungumzo yote huishia kwenye misuli na diski: nazo ni kano, yaani ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa. Na jambo lenyewe ni kubwa. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2023 yalihesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, yakatabiri kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowanyang'anya binadamu miaka mingi zaidi ya uwezo wa kufanya kazi. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliotolewa mwaka 2007 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100, takriban 32 walikuwa na maumivu hayo wakati ule ule walipoulizwa.

Kati ya mbavu na nyonga kuna pingili tano kubwa, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Ukiuondolea uti huu misuli yote, ukabaki mifupa, diski na kano tu, hauwezi kusimama chini ya mzigo wa maana. Vipimo vya maabara vya Crisco na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 1992, vilionyesha kwamba uti wa namna hiyo hukunjika kwa nguvu ya newtoni 90 hivi, sawa na uzito wa kilo 9, ambao haufikii hata uzito wa kifua na kichwa vilivyo juu yake. Kano basi hazibebi mwili peke yake. Kazi yake ni kuzuia mwendo usivuke mpaka, na, kama tutakavyoona, kupeleka habari. Zilizo mbele huzuia mgongo usipinde kinyumenyume. Zilizo nyuma huzuia usikunjike mbele kupita kiasi. Kati ya hizo za nyuma, ile ya manjano imejaa elastini, protini inayonyumbuka, kiasi kwamba huwa imevutika kidogo hata mtu anaposimama wima. Ile inayopita juu ya ncha za pingili, zile unazozigusa kwa kidole katikati ya mgongo, kwa watu wengi huishia kwenye pingili ya nne, ikakiacha kiungo cha chini kabisa, ambacho ndicho chenye kazi nzito, bila kinga yake. Mwaka 1980, Adams, Hutton na Stott walipima mchango wa kila tishu katika kuzuia kiungo kisikunjike zaidi pale kinapofika mwisho wa kuinama. Vifuko vya viungo vidogo vya nyuma vilichangia asilimia 39, diski asilimia 29, kano za kati na za juu ya ncha za pingili asilimia 19, na kano ya manjano asilimia 13. Jumlisha kano zote, pamoja na vifuko hivyo ambavyo navyo ni kano: zaidi ya theluthi mbili ya upinzani unatoka kwazo.

Msomaji anaweza kudhani kwamba misuli ndiyo inayomshikilia mtu aliyeinama. Ni kweli wakati anashuka na wakati anainuka. Lakini katika miaka ya 1950, Floyd na Silver walipima umeme wa misuli mirefu ya mgongo wa watu walioinama, wakakuta jambo lililowashangaza wengi: mtu anapofika chini kabisa, misuli hiyo hunyamaza. Mzigo wa kiwiliwili huhamia kwenye kano, kwenye diski, na kwenye misuli ile ile ambayo sasa inavutwa tu bila kujikaza. Hii ndiyo sababu mpandaji wa mpunga anaweza kukaa ameinama muda mrefu bila kuhisi kwamba anatumia nguvu, na ndiyo sababu mkao huo hudanganya. Misuli iliyochoka hulalamika mapema kwa kuwaka na kutetemeka. Kano huvutwa kimyakimya. Wala tusidhani kwamba kano hazina maumivu. Mwaka 1939, daktari wa London, J. H. Kellgren, alichapisha matokeo ya kuwadunga watu wazima wenye afya maji ya chumvi kwenye kano za kati ya ncha za pingili. Waliodungwa waliumia, na maumivu hayakubaki pale sindano ilipoingia. Kulingana na pingili iliyochomwa, yalisambaa hadi kwenye makalio na miguu, yakafanana na yale ambayo mara nyingi husemwa kuwa ni neva iliyobanwa. Majaribio hayo yana zaidi ya miaka 80, na bado mtu anayesema maumivu yanashuka mguuni huambiwa papo hapo kwamba ana diski.

Sasa nifike kwenye muda. Kano zina tabia ambayo chuma hakina: ukizivuta kwa nguvu ile ile na kuzishikilia, hazibaki pale zilipofika. Huendelea kurefuka dakika baada ya dakika, maji yakihama ndani yake na nyuzi za kolajeni zikijipanga upya kufuata mvuto. Kitanda cha kamba kilichokazwa jioni huwa kimebonyea alfajiri ingawa hakuna aliyeongeza uzito usiku, na kano hufanya vivyo hivyo, isipokuwa zenyewe hurudi bila kukazwa, tena hurudi polepole kuliko zilivyolegea. McGill na Brown, huko Kanada, waliipima tabia hii kwa watu mwaka 1992. Waliwaweka wameinama hadi mwisho kwa dakika 20. Dakika hizo zilipokwisha, viuno vyao viliweza kukunjika digrii 5.5 zaidi ya mwanzo. Walipoinuka, kama nusu ya ulegevu huo ilitoweka ndani ya dakika 2. Nusu ya pili haikuwa na haraka. Hata baada ya dakika 30 sehemu yake ilikuwa bado ipo. Digrii 5.5 zinaonekana chache, lakini zinatokea mwishoni mwa mwendo, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuchezea. Hapa ndipo ninapoona maelezo ya kisa ambacho kila mtaa una watu wanaokisimulia: amepalilia asubuhi nzima bila shida, akainuka, akainama tena kuokota kitu chepesi, kiuno kikashika. Tunakishangaa kile kitu chepesi. Tungepaswa kuitazama asubuhi nzima iliyokitangulia.

Kulegea ni nusu tu ya habari. Kano zina neva, na neva hizo ziko kazini. Moshe Solomonow na wenzake, Louisiana nchini Marekani, walionyesha mwaka 1998 kwamba kano ya juu ya ncha za pingili ikivutwa, misuli midogo iliyo jirani na uti hujikaza yenyewe bila kusubiri uamuzi wa mtu. Ni ulinzi: kano inahisi pingili inateleza kupita mpaka, misuli inaitwa, pingili inashikwa. Kano iliyolegea huhisi kwa kuchelewa, na mwito wake hufika dhaifu. Katika majaribio ya paka, kundi hilo liliuinamisha uti kwa dakika 20 bila kuachia. Mwitikio wa misuli ulififia, kisha misuli ikaanza kukakamaa ovyo, mikakamao ambayo mtu mwenye kiuno kilichoshika anaifahamu. Halafu wakasubiri. Saa 7 za mapumziko hazikutosha kuirudisha hali ya mwanzo kikamilifu. Dakika 20 kwa saa 7: mimi naiona hii kuwa miongoni mwa hesabu muhimu kabisa katika elimu ya mgongo, na haifundishwi mahali popote ambapo watu wanainama kwa ujira. Majaribio yao ya baadaye yaliongeza jambo la kutia moyo. Mzigo ulipogawanywa katika vipindi vifupi vya dakika 10, kila kimoja kikifuatwa na mapumziko ya urefu ule ule, madhara yaliyokuwa yakionekana kwenye vipindi virefu hayakujitokeza vile. Aina ya mzigo ilikuwa ile ile, mgawanyo wa muda ndio uliotofautiana.

Pingamizi la kwanza liko wazi, na ni la haki: paka si mtu. Paka hatembei wima, hapalilii mahindi, na alikuwa amelazwa kwa dawa. Siwezi kuchukua saa 7 za paka nikazifanya saa 7 za mkulima wa Mbarali. Ninachoweza kusema ni kwamba sehemu ya kwanza ya habari, ile ya kulegea na kurudi polepole, imeonekana kwa watu katika jaribio la Kanada, na kwamba tafiti za watu kazini zinaelekea upande huo huo. Nchini Uholanzi, Hoogendoorn na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 861 kwa miaka 3, na badala ya kutegemea kumbukumbu za watu waliwarekodi kazini kwa video. Matokeo yao ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliokuwa wameinama digrii 60 au zaidi kwa muda unaozidi asilimia 5 ya siku ya kazi walikuwa na hatari ya maumivu ya mgongo iliyopanda kwa takriban nusu. Asilimia 5 ya saa 8 ni dakika 24. Mwanamke anayepandikiza mpunga Mwea au Kilombero huzimaliza dakika hizo kabla umande haujakauka. Lakini niseme pia kilicho upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Wai waliupitia ushahidi wote uliokuwapo kuhusu kuinama na kujipinda kazini, wakahitimisha kwamba ni vigumu kusema tendo hilo, likisimama peke yake, ndilo linalosababisha maumivu. Hitimisho hilo nalichukua kwa uzito. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizokusanywa katika mapitio ya namna hii huuliza kama mtu huinama kazini au la, mara nyingi au mara chache. Swali la dakika ngapi bila kuinuka ni nadra, na kano zinajibu swali hilo hasa. Isitoshe, aliyeumia mgongo akaacha kazi nzito hayumo tena kwenye hesabu ya wanaoinama. Wanaobaki ni wale wenye migongo iliyostahimili.

Kuna pingamizi linalotoka hospitalini: kama kano zimeumia, mbona picha haionyeshi? Picha haikutengenezwa kuonyesha ulegevu wa dakika 20. Mgonjwa hulazwa chali, kano zake za nyuma zikiwa zimepumzika, na picha huchukuliwa katika hali ambayo haijawahi kumuumiza. Kinachoonekana vizuri ni diski, na ndiyo maana diski hubebeshwa lawama zote. Lakini mwaka 1994 Jensen na wenzake waliwapiga picha za MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyovimba nje katika angalau sehemu moja, na ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski za kawaida kote. Tafiti za mapacha nchini Ufini nazo zimeonyesha kwamba sura ya diski kwenye picha hutegemea urithi kuliko kazi ambayo mtu amefanya maishani. Wapo wanaozitumia tafiti hizo kusema kwamba kazi haina hatia. Mimi nasoma kinyume. Kama sura ya diski ni ya kurithi, na kama nusu ya watu wazima wasioumwa wanayo, basi picha hiyo haitoi habari nyingi kuhusu kilichomleta mgonjwa leo. Familia inauza mbuzi kulipia MRI ili ipewe maelezo ya umri na ukoo, wakati mazungumzo ya nusu saa kuhusu ratiba ya kazi yangesema zaidi na yasingegharimu kitu.

Na mafunzo je? Viwandani na maghalani kuna bango linalojulikana: mtu amechuchumaa, mgongo umenyooka, sanduku liko karibu na kifua, na chini yake alama ya vema. Ushauri huo una mantiki ya kibaiomekanika. Nyuzi za kano zilizo kati ya ncha za pingili zimelala mshazari, hivyo zikivutwa kwa kuinama hadi mwisho huisukuma pingili ya juu iteleze mbele, na mzigo mikononi huongeza msukumo huo. Kunyanyua kwa mgongo usiokunjwa hadi mwisho huiacha kazi kwenye misuli, ambayo inaweza kuimudu. Tatizo ni kwamba bango limejaribiwa na halikufua dafu. Nchini Marekani, wafanyakazi wa posta wapatao 4,000 walihusishwa katika jaribio lililodumu zaidi ya miaka 5, sehemu yao wakifunzwa namna ya kutunza mgongo na kunyanyua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 hayakuonyesha kupungua kwa majeraha. Mapitio makubwa ya mwaka 2011 yalifikia uamuzi huo huo kuhusu mafunzo ya kunyanyua mizigo kwa jumla. Baadhi ya watu huona hapo ushahidi kwamba mkao hauna maana yoyote. Kwangu, linalojitokeza ni kwamba bango linafundisha sekunde mbili za kunyanyua na kuziacha saa zilizobaki. Halimwambii mtu aliyeketi amejikunja kwenye lori kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam kwamba asianze kushusha mizigo dakika ile ile anayoshuka. Wala halimpi ruhusa ya kutembea kwanza. Ujuzi bila ruhusa haujawahi kumsaidia kibarua.

Mfano bora ninaoujua wa jamii iliyohama kutoka kwenye ushauri na kwenda kwenye zana na saa unatoka kwenye mashamba ya letasi na viazisukari ya California. Kwa miongo mingi vibarua huko, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walipunguzia miche kwa jembe lenye mpini mfupi sana walilolipa jina la el cortito, yaani kifupi. Mpini ule ulimlazimisha mtu ainame mwili mzima kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Wenye mashamba walidai kwamba mpini mrefu ungeharibu miche na kupunguza kasi. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo vibarua waliijua vizuri: msimamizi akiwa mbali aliweza kuona mara moja nani ameinuka. Wanasheria wa msaada wa vijijini, akiwemo Maurice Jourdane, walilipeleka suala hilo mbele ya idara ya usalama kazini pamoja na ushahidi wa madaktari. Idara ilikataa, ikisema kwamba kanuni inayokataza zana zisizo salama inahusu zana mbovu au zilizovunjika, na jembe lile lilikuwa zima. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo iliitengua hoja hiyo katika kesi ya Carmona: zana inayomuumiza mtu inapotumiwa kama ilivyokusudiwa si salama, hata ikiwa mpya dukani. Jembe fupi likapigwa marufuku mwaka huo huo. Mashamba hayakufa. Letasi iliendelea kupunguziwa kwa majembe marefu. Kisha likatokea la kutarajiwa: baadhi ya waajiri waliondoa jembe kabisa wakawaamuru vibarua wang'oe magugu kwa vidole, wakiwa wameinama kama zamani. Ilichukua hadi mwaka 2004 kanuni nyingine kulidhibiti hilo, na ndani yake mna kipengele ninachokipenda kuliko vyote: palipo na palizi ya mkono isiyoepukika, mfanyakazi huongezewa dakika 5 kwenye kila mapumziko yake. Sheria hatimaye ilianza kuhesabu dakika.

Afrika Mashariki haihitaji kesi ya mahakamani ili kuanza. Kazi zinazovuta kano zetu zinajulikana: kupandikiza mpunga, palizi ya jembe la mpini mfupi, kuvuna maharage, kufua kwenye beseni lililo chini, kudeki kwa tambara, kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa. Nyingi ni kazi za wanawake, na wengine huzifanya wakiwa na mtoto mgongoni ndani ya mbeleko, mzigo unaoongeza mvuto kwenye kano zile zile kwa kila digrii ya kuinama. Ninajua atakachosema mkulima: jembe la mpini mrefu halichimbi. Kwa kulima ardhi ngumu ana hoja, kwa maana kulima kunahitaji kishindo, na jembe zito lenye mpini mrefu mno halina shabaha. Lakini kulima ni kupanda na kushuka. Kano huvutwa na kuachiwa. Palizi ndiyo inayomweka mtu chini, na palizi haihitaji kishindo. Wakulima wa kilimo shadidi cha mpunga wameshaonyesha njia: miche inapopandwa kwa mstari, kipalizi cha kusukuma hupita katikati na mpaliliaji husimama wima. Walikipokea kwa sababu ya mavuno na kuokoa muda. Kiuno kimefaidika bila kuhesabiwa, na ningependa maofisa ugani wakihesabu, kwa kuwa mama anayesitasita kununua kipalizi kwa ajili ya magunia mawili ya ziada huenda akakinunua kwa ajili ya mgongo wake. Kuhusu kibarua wa ngwe, anayelipwa kwa eneo alilomaliza, pingamizi la fedha ni zito: kila dakika ya kusimama inatoka mfukoni mwake. Simwambii akae kivulini. Nusu ya ulegevu hurudi ndani ya dakika 2 za kuinuka, na dakika hizo zinaweza kutumika kunoa jembe, kunywa maji, au kuhamisha magugu yaliyong'olewa. Mwenye shamba anaweza kupanga ngwe ili palizi ipishane na kazi ya wima. Hilo halina gharama, isipokuwa kwa msimamizi anayetaka kuona migongo imeinama muda wote.

Uzito nao haujafutwa na hoja hii, na hapa sheria zetu zina aibu ya kurekebisha. Tanzania imepambana kwa miaka na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lengo lilikuwa kumlinda mkulima asipunjwe na mlanguzi, na ni lengo jema. Lakini tangu mwaka 1967 pendekezo la Shirika la Kazi Duniani linataka mzigo unaobebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Maana yake ni kwamba gunia halali sokoni linakaribia mara mbili ya kile ambacho mgongo wa mpagazi uliwekewa kama kikomo zaidi ya nusu karne iliyopita. Kenya, kwa viazi, imeweka gunia la kilo 50, na ingawa usimamizi wake una matundu, namba yenyewe inaonyesha kwamba biashara haifi. Mpagazi wa Kariakoo, au wa Kongowea kule Mombasa, anapata adhabu mbili kwa pamoja: uzito uliopita kiasi, na marudio ya kuinama ambayo yamekwisha kuzilegeza kano zake kabla ya gunia la thelathini. Ndiyo maana kikomo cha kilo bila kikomo cha marudio ni nusu ya kanuni.

Linabaki pingamizi ambalo mimi mwenyewe naliona kuwa zito kuliko yote. Wataalamu wa maumivu watasema kwamba kuzungumzia kano zinazolegea kutawatia watu hofu. Mtu ataanza kuuona mgongo wake kama kitu kinachovunjika, ataacha kuinama, atajilaza, na maumivu ya wiki mbili yatageuka ya miaka. Hofu hiyo ina msingi. Huko Helsinki, jaribio lililochapishwa mwaka 1995 liliwagawa wafanyakazi 186 wenye maumivu mapya ya mgongo: wengine walale kitandani siku mbili, wengine wafanye mazoezi ya mgongo, wengine waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni wale waliokuwa wakiendelea na maisha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 kwa maumivu sugu nayo inaweka elimu na mazoezi mbele, na haiungi mkono dawa za jamii ya afyuni. Hakuna kitu katika elimu ya kano kinachopingana na hayo. Kano hupenda kuvutwa na kuachiwa. Hivyo ndivyo zinavyolishwa na kuimarika. Adui ni kuvutwa bila kuachiwa. Kwa hiyo ujumbe kwa mgonjwa si kwamba asiiname, bali ainame na ainuke, tena ainuke mapema kuliko alivyozoea. Na wapo wachache ambao hawapaswi kupewa ujumbe huu kabla ya kuchunguzwa haraka: mwenye ganzi sehemu za siri, aliyeshindwa kukojoa, mwenye miguu inayoishiwa nguvu, mwenye homa, au anayekonda na kutokwa jasho usiku, kwa maana kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kati yetu.

Jambo la mwisho ni la saa ya asubuhi, na ni la bei rahisi kuliko yote. Usiku, mtu akiwa amelala, diski hufyonza maji na kuvimba, na kano huamka zikiwa zimekazika. Adams, Dolan na Hutton walikadiria mwaka 1987 kwamba kuinama alfajiri huziongezea kano za nyuma mkazo wa asilimia 80, na diski asilimia 300, ukilinganisha na kuinama baadaye mchana. Mwaka 1998 Snook na wenzake waliwachukua watu 85 wenye maumivu ya muda mrefu na kuwafundisha baadhi yao jambo moja: wasikunje kiuno katika saa za mwanzo baada ya kuamka. Maumivu yao yalipungua kuliko ya wenzao waliopewa mazoezi yasiyotarajiwa kuwa na faida, na wenzao hao walipofundishwa baadaye, nao wakapata nafuu. Mkulima atasema alfajiri ndiyo saa pekee isiyo na jua, na ana haki. Lakini shamba lililo mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani limeshampa sehemu kubwa ya muda unaohitajika, maana kutembea wima hukamua maji yale. Anayepaswa kufikiwa kwanza ni yule ambaye kazi yake ya kwanza, mara tu anapotoka kitandani, ni kuinama: anafagia uwanja, kisha anaosha vyombo vya jana vilivyo chini, kisha anadeki. Kazi hizo tatu zinaweza kufanywa saa tatu asubuhi, na kuchota maji, kuwasha moto na kuwaandaa watoto zikatangulia. Mume na watoto wakubwa wanaweza kuamua hilo leo jioni.